Anaweza Kununua

Kosa langu lilikuwa la neno moja, na ubaya wake ni kwamba kamusi zote zinanitetea.

Mwaka juzi shangazi yangu wa Jambiani alinipigia simu. Kikundi chao cha mwani kimeletewa karatasi na mnunuzi mmoja kutoka Mjini, ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, na wanatakiwa waweke saini kabla ya bamvua lijalo. "Wewe si ndiye msomi wetu? Njoo utusomee." Mimi ni mwandishi wa habari, kutafsiri ndiyo kazi yangu ya kila siku: asubuhi taarifa ya shirika la kigeni, jioni hotuba ya balozi. Ukurasa mmoja ungenisumbua nini? Nikapanda gari Ijumaa baada ya sala, nikafika maji yametoka hadi kule karibu na mwamba, wanawake wanarudi pwani na polo zao kichwani. Nikakaa barazani, nikaomba kalamu, nikaandika tafsiri nyuma ya karatasi ileile. Dakika 20 hazikufika. Nikanywa chai kwa mkate wa kumimina, nikarudi Mjini na ile furaha ya mtu aliyewafaa watu wake.

Sentensi ya tatu ilikuwa na kitenzi kidogo cha Kiingereza, "may". Ilihusu mnunuzi na mwani mkavu. Mimi niliandika hivi: "Mnunuzi anaweza kununua mwani wote mkavu utakaoletwa na kikundi."

Fungua kamusi yoyote. "May" ni kuweza. Sikukosea.

Shangazi alikopa kwenye hisa za kikundi, akanunua kamba, akaliongeza shamba lake la baharini karibu mara mbili. Wenzake kadhaa wakafanya hivyohivyo. Siku ya kuuza ilipofika, mnunuzi alichukua polo 6 za shangazi, akaacha 11. Soko la nje limelegea, alisema. Karatasi haikumsuta hata kidogo. Imeandikwa anaweza, na siku ile hakutaka. Polo 11 zikaingizwa chumba cha uani, alichokuwa akilala mjukuu wake. Mtoto akahamia sebuleni, na nyumba nzima ikanuka bahari.

"Lakini wewe ulitwambia anaweza," shangazi aliniambia nilipokwenda kumwona. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbushia alipoacha ufunguo.

Nilibishana naye, moyoni tu, maana kwa mdomo nisingethubutu. Kuweza si kuahidi! Mtu anayeweza kufanya jambo anaweza pia asilifanye. Hoja nzuri, ya darasani. Halafu nikaanza kusikiliza namna watu wa pale wanavyolitumia neno lenyewe, hoja ikaanza kunitoka mkononi.

Unguja, kuweza ni mwili. Ukiuliza habari za mtu ukajibiwa "hawezi", usiulize hawezi nini. Hawezi maana yake anaumwa, yuko kitandani, mpelekee uji. Mwenye kuweza ni mwenye mali. Asiyejiweza ni yule wa kusaidiwa wakati wa Idi. Ukimuuliza mvuvi kama chombo chake kinaweza kutoka nje ya mwamba leo, hakujibu habari za bahati. Anakujibu habari za mbao, tanga na mikono ya mabaharia wake. Sasa waambie wanawake wa namna hiyo kwamba mnunuzi anaweza kununua mwani wote. Watasikia nini? Watasikia ana fedha, ana gari, ana ghala. Hatimaye kaja mwenye ubavu.

Na walikuwa na sababu ya kulingojea neno hilo. Kilimo cha mwani wa biashara Zanzibar kilianza 1989, hapo Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi yenyewe ukiitazama kwenye picha za watalii ni nzuri mno: kanga za rangi, maji ya kijani, vijiti vimepangwa mistari. Ukiisogelea ni kuinama saa nzima ndani ya maji ya chumvi na jua la utosi, kufunga mbegu mojamoja kwenye kamba, kungoja wiki sita hivi, kuvuna, kubeba, kuanika, kuanua mvua ikitokea, kuanika tena. Mwani huo hauliwi kijijini. Unasafirishwa nje ukatolewe kitu cha kugandishia, kinachoishia kwenye aiskrimu na dawa ya meno za watu wengine. Bei inapangwa mbali. Kuna aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo hiyohiyo inayokufa maji ya bahari yakizidi joto. Wakulima hawa hawahitaji kufundishwa shaka ni nini. Walichokosa ni mtu wa kuwaondolea shaka moja tu kati ya zote: akivuna, atanunuliwa? Mimi nikawapa neno lililoonekana kuiondoa.

Chuoni nilisoma isimu mihula miwili tu, lakini kuna jambo moja halijanitoka. Hiyo "may" ya Waingereza zamani ilikuwa kitenzi cha nguvu. Katika Kiingereza cha kale ilimaanisha kuwa na ubavu wa kufanya jambo, na ndugu yake, "might", hadi leo likiwa nomino bado ni nguvu. "Can" nayo imetoka kwenye kujua. Kwa hiyo Mwingereza wa miaka 1000 iliyopita, ukimsomea sentensi yangu ya tatu, angesikia karibu kama alivyosikia shangazi. Karne zikapita, nguvu ikavuja kidogo kidogo, likabaki ganda. Leo Mwingereza anasema mvua "may" kunyesha, na hakuna anayeifikiria mvua kuwa na misuli. Ganda hilohilo linabeba mizigo mitatu: ruhusa anayopewa mtoto kutoka mezani, shaka ya mvua, na hiari ya mwenye mkataba. Mwenyewe lugha yake hulazimika kutazama ni nani anasema na kwa nini ndipo ajue amebebeshwa upi.

Sisi shaka tuliiweka kwingine. Hatukuitia ndani ya kitenzi cha mtendaji. Tuliiacha mlangoni mwa sentensi, ionekane na kila anayeingia. Huenda akaja. Labda atakuja. Pengine, yamkini, asaa. Katika "huenda akaja", yule anayekuja hana habari na shaka yangu. Shaka ni yangu mimi ninayesema, na nimeitanguliza ili unijue. Kiingereza nacho kinayo maneno ya mlangoni, sikatai, lakini karatasi za mikataba huyapita na kwenda moja kwa moja kwenye kitenzi.

Na maneno yetu hayo yana visa vyao. Huenda ni kule kwenda: mambo huenda hivi, huenda vile. Pengine ni mahali pengine, kama vile kuna upande mwingine ambako jambo hili limeshakuwa kweli na sisi hatujafika. Labda ndilo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Kwa Waarabu, la budda si shaka hata kidogo. Ni hapana budi, ni lazima. Neno limepanda jahazi likiwa lazima, likateremka kwetu likiwa huenda, na nduguye "budi" akabaki na ulazima wake wa asili: sina budi, hatuna budi. Aliyewahi kuagiza kitu kwa mfanyabiashara aliyeapa kwamba lazima kitafika wiki ijayo hatashangaa sana.

Siku hizi magazetini tunaandika "bei ya mafuta inaweza kupanda", na nimeandika sentensi za namna hiyo nisizoweza kuzihesabu. Sina nia ya kuwa polisi wa lugha. Lugha inakwenda, na kuweza nako kunakwenda njia ileile iliyopitwa na "may", nguvu inavuja. Shida ni kwamba haivuji kwa kasi moja kila mahali. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua Kiunguja cha Mjini. Kusini walikuwa na Kikae chao, na wangali nacho wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliyekulia Mjini, nikasoma Dar es Salaam, nikaajiriwa kwenye chumba cha habari, "anaweza" yangu ilikwisha kuwa nyepesi. Ya shangazi bado ilikuwa na uzito wake wote. Nilimpa ganda, yeye akapokea tunda.

Msinidhanie ninapiga kelele kwa kitu kidogo. Wanasheria wanajua si kidogo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania Bara, Sura ya 1, ina kifungu kizima, cha 53, kwa ajili ya kueleza kwamba "may" ikitumika kumpa mtu mamlaka, maana yake ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na "shall" ikitumika, hana hiari. Wabunge na waandishi wa sheria, watu wenye digrii zao, waliona neno hilo haliaminiki mpaka liwekewe kifungu. Mwaka 2021 sheria hiyohiyo ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama huko Bara. Nimefurahi kama wengine. Ila kila "may" iliyomo kwenye vitabu hivyo sasa inangoja mtu akae nayo na kalamu, na natumaini hatakuwa na haraka ya kuwahi gari kama mimi.

Hata vita vimepiganwa kwa jambo hili. Tarehe 2 Mei 1889, mfalme Menelik wa Ethiopia na Italia walitia saini mkataba wa Wuchale, nakala mbili, Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Akipenda. Kwa Kiitaliano kilisomeka kwamba amekubali kuitumia, na Roma ikatangaza kwa Ulaya nzima kuwa Ethiopia iko chini yake. Menelik akaukana mkataba 1893, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yake yakawashinda Waitaliano kule Adwa. Menelik alikuwa na majeshi. Kikundi cha shangazi kina daftari la hisa na kisanduku cha bati.

Rafiki yangu wakili, nilipomsimulia, aliniambia nisijitese. Tafsiri iko sawa, waliosaini ni watu wazima, hakuna aliyeuliza swali. Nilikaa na jibu hilo wiki kadhaa kwa sababu lilikuwa tamu. Mtafsiri anadaiwa na nani, neno au msikilizaji? Ukisema neno, mimi nimelipa, nirudishiwe risiti yangu. Lakini neno halikukopa fedha za hisa. Neno halikulala sebuleni.

Kuna mlinganisho ulionisaidia kufikiri. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa kila mara kuhusu Kimbunga Hidaya, na nilikuwa mmoja wa waliozipeleka hewani: kinaweza kuleta upepo mkali, kinaweza kuleta mawimbi. Vyombo vya baharini vikasimamishwa Zanzibar. Kimbunga kikafifia kilipofika pwani. Sikumsikia mtu Jambiani akisema amedanganywa, ingawa waliosikia "kinaweza" walisikia nguvu, si shaka. Kwa nini? Kwa sababu aliyeamini hatari na hatari isije amepoteza siku mbili za bahari. Aliyeamini neema na neema isije amepoteza mtaji, na deni limebaki. "Anaweza" ya hatari ukiizidisha uzito unamlinda msikilizaji. "Anaweza" ya neema ukiizidisha uzito unampeleka kukopa. Ni neno lilelile, na kamusi haina pa kuandika tofauti hiyo. Anayejua ni yule aliyekaa barazani na kuona nyuso za watu wanaomsikiliza. Nilikuwa nimekaa hapo. Niliona shangazi akitabasamu niliposoma sentensi ya tatu, na nikadhani anafurahia kisomo changu.

Huku kwenye kazi yangu kuna dhambi ya upande wa pili, na nikiitaja moja niitaje na hii. "Huenda" kwenye kichwa cha habari ni mwavuli wa mwandishi. Huenda waziri akajiuzulu. Akijiuzulu, tulisema, asipojiuzulu, tulisema huenda. Nimeutumia mwavuli huo mara nyingi bila kuwa na chochote mkononi zaidi ya minong'ono ya kijiweni. Kwa hiyo sidai kwamba maneno yetu ya mlangoni ni safi na ya Kiingereza ni machafu. Neno lolote la uwezekano ni mkopo wa imani. Swali ni jambo likienda kombo nani analipa. Kwenye kichwa cha habari analipa msomaji. Kwenye karatasi ile, mnunuzi alikuwa amejiwekea mlango wa kutokea, na mimi nikaupaka rangi ya ukuta.

Mwishowe nilimuuliza shangazi swali nililokuwa naliogopa. Tulikuwa uani, anachambua mwani, anautoa mchanga na nyuzi. "Ningekwambia ana hiari, kwamba akitaka ananunua na asipotaka hanunui hata kilo moja, mngekataa kusaini?"

Alifikiri kidogo. "Tungesaini, mwanangu. Tungemuuzia nani? Na kupanda tungepanda vilevile." Akakung'uta mkono. "Ila nisingekopa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili. La kwanza, wangekataa, nami nibebe lawama yote. La pili, wangefanya yaleyale, nami niwe huru. Hili la tatu sikuwa nalo. Tafsiri sahihi isingewabadilishia maisha. Ingembakishia mwanamke mmoja kipimo chake mwenyewe cha kujihatarisha. Ni kitu kidogo, na ndicho nilichomnyang'anya.

Nikajaribu utani, nikasema basi ningeandika "atanunua inshallah" yakaisha. Hakucheka. "Inshallah ni ya Mungu. Yule mnunuzi ni Mungu?" Na kweli. Tunafundishwa tangu chuoni tusiseme tutafanya kesho bila kutanguliza mapenzi ya Mungu, na hiyo ni adabu ya kiumbe anayejua kesho si yake. Mnunuzi yeye kesho aliishika. Hakuwa hajui kama atanunua. Alikuwa amejiachia nafasi ya kuamua. Shaka na hiari si kitu kimoja, ingawa kitenzi kimoja cha Kiingereza kinazifunika zote mbili kwa shuka moja.

Mwaka huu karatasi mpya imekuja, ya mnunuzi yuleyule. Nikaitwa tena, jambo ambalo kwa kweli sikulitegemea. Safari hii nililala Jambiani usiku mmoja na nikaandika polepole. Sentensi ya tatu ikawa: "Mnunuzi ana hiari. Huenda akanunua mwani wote, huenda akanunua sehemu, huenda asinunue kabisa, na kikundi hakitakuwa na cha kumdai." Karani wa mnunuzi aliyekuja kuchukua saini aliisoma akaguna. Ndefu mno, alisema, tena inatisha watu. Nikamwambia urefu wote huo umo kwenye "may" yake.

Kulipotulia, mama mmoja wa makamo aliyekuwa kimya muda wote akaomba asomewe sentensi ya tano, ile inayowahusu wao. Hiyo haikuwa na "may". Ilikuwa na "shall". Mwaka ule nilikuwa nimeandika "kikundi kitamuuzia mnunuzi huyu peke yake", "-ta-" ya kawaida kabisa, ya kesho nitakuja, na hakuna aliyeishtukia. Sasa nikaisoma kama ilivyo: kikundi kinalazimika kumuuzia yeye tu, hakiruhusiwi kumuuzia mwingine.

"Yeye huenda," yule mama alisema, "na sisi hatuna budi?"

Karani alikunja karatasi, akasema atakwenda kuuliza Mjini. Hiyo ilikuwa Jumanne. Naandika haya Jumamosi, bamvua limeanza, na shangazi ameshateremka pwani na kamba zake, zile za mwanzo tu. Hizo alizoongeza kwa mkopo zimening'inia msumarini, ukutani pa kile chumba cha uani.